Mji ukikua, soko lake la redio hupanda daraja? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nakuru na Kisumu

Nimeuza matangazo ya redio Nakuru kwa miaka kadhaa, nikizunguka na begi la karatasi kutoka Bondeni hadi Section 58. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa na wenye maduka, na wanafunzi wa uanahabari, na mara moja na dereva wa matatu ambaye hakutaka nishuke kabla sijamjibu. Nimeyapanga jinsi yalivyonijia.

Kwani masoko ya redio nayo hupangwa nafasi kama timu za ligi?

Ndiyo, ila si kila nchi. Mfano unaotajwa sana ni Marekani. Huko kampuni ya Nielsen imeigawa nchi katika masoko ya redio zaidi ya 200 na kuyapanga kuanzia kubwa hadi dogo. New York ndiyo ya kwanza, Los Angeles ya pili, Chicago ya tatu. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ya Arbitron, kampuni iliyoanza mwaka 1949 kwa jina jingine na kununuliwa na Nielsen mwaka 2013.

Watu wengi hukosea hapa: kinachohesabiwa si idadi ya vituo, wala pesa za matangazo, wala ubora wa vipindi. Ni watu wa miaka 12 na zaidi wanaoishi ndani ya eneo lililochorwa kwenye ramani. Mtu anahesabiwa hata kama hana redio na hajawahi kuitaka. Nafasi ya soko ni hesabu ya masikio yaliyopo, hata yaliyozibwa.

Kenya tuna orodha kama hiyo?

Hatuna orodha ya miji yenye namba. Tafiti za usikilizaji zipo. KARF, taasisi ya utafiti wa wasikilizaji na watazamaji, imefanya, Ipsos imefanya (wakongwe wanaikumbuka kwa jina la Steadman, kisha Synovate), GeoPoll huuliza watu kupitia simu, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya nayo hutoa ripoti zake. Lakini ripoti hizi huikata nchi kwa kanda: Ziwa, Magharibi, Bonde la Ufa na kadhalika. Kisumu haisimami peke yake pale, inaingia kapu moja na majirani zake.

Kwa hiyo ukimsikia mtu akisema "Nakuru ni soko namba tatu la redio Kenya", uwezekano mkubwa ni kwamba amechukua orodha ya sensa ya kaunti akabandika neno redio juu yake. Nimewahi kufanya hivyo mwenyewe kwenye karatasi ya mauzo. Hakuna mteja aliyeniuliza nimeitoa wapi.

Nakuru ilipofanywa jiji, si tulipanda?

Hapana. Hadhi ya jiji tulipewa tarehe 1 Desemba 2021, na asubuhi ya tarehe 2 masikio yalikuwa yale yale. Sheria ya miji iliyorekebishwa mwaka 2019 ilishusha kiwango cha watu wanaohitajika ili mji uitwe jiji kutoka 500,000 hadi 250,000. Nakuru ilikuwa na 570,674 kwa sensa ya mwaka huo huo, kwa hiyo ingepita hata kwa kiwango cha zamani. Eldoret ilifuata Agosti 2024. Vyeti hivi hubadilisha mambo ya bodi za miji na bajeti. Havimwongezei mtangazaji msikilizaji hata mmoja.

Inakuwaje mji unaongezeka watu na bado unashuka nafasi?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na jibu lake liko nyumbani kabisa. Angalia sensa mbili. Mwaka 2009 Kaunti ya Kisumu ilikuwa na watu 968,909, na Uasin Gishu, ambako ndiko Eldoret iliko, 894,179. Miaka kumi baadaye Kisumu ilikuwa imefika 1,155,574. Imeongeza watu 186,665, si mchezo. Lakini Uasin Gishu ilikuwa imefika 1,163,186. Kwa tofauti ya watu wasiofika 8,000, Kisumu ikapitwa. Hakuna kilichoharibika. Jirani alikimbia zaidi, basi.

Kakamega ni vivyo hivyo. Mwaka 2009, ikiwa na watu 1,660,651, ilikuwa mbele ya Kiambu na Nakuru. Hadi 2019 iliongeza watu zaidi ya 200,000, na bado zote mbili zikaipita: Kiambu 2,417,735, Nakuru 2,162,202, Kakamega 1,867,579. Nakuru peke yake iliongeza zaidi ya nusu milioni katika miaka hiyo, na si wote waliozaliwa hapa. Wengine walikuja na mabegi.

Marekani ndivyo ilivyokuwa kwa miji ya viwanda. Detroit na Pittsburgh zimeteremka kwenye orodha kwa miongo kadhaa, huku Dallas, Houston, Atlanta na Phoenix zikipanda, kwa kuwa watu wamekuwa wakihamia kusini na magharibi kufuata kazi, nyumba za bei nafuu na jua. Wakati mwingine mji hushuka ghafla: New Orleans ilipoteza watu wengi baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, na nafasi yake ikashuka nao.

Kuna na mshtuko wa sensa. Kati ya sensa moja na nyingine watu hukadiriwa, na makadirio hupotoka kidogo kidogo bila mtu kugundua. Sensa ikifika, kosa la miaka kumi linasahihishwa siku moja, na mji unaonekana umeruka au umeanguka kumbe ulikuwa huko zamani.

Nani anachora mpaka wa soko, na anauchora wapi?

Hapa ndipo penye ujanja wote, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Marekani masoko huundwa kwa kuunganisha kaunti, kwa kufuata watu wanakoishi, wanakofanyia kazi na vituo wanavyovisikiliza. Hata hivyo kuna masoko yaliyo ndani ya masoko. Nassau-Suffolk, upande wa Long Island, huhesabiwa ndani ya New York na wakati huo huo lina nafasi yake lenyewe. San Jose nayo imo ndani ya San Francisco. Msikilizaji mmoja, hesabu mbili.

Sasa tuchore sisi. Nairobi ina watu 4,397,073 kwa sensa ya 2019. Ukiiunganisha na Kiambu, Machakos na Kajiado, ambako watu hulala tu na kurudi kazini mjini, unapata zaidi ya milioni 9.3. Nairobi haijaongezeka hata mtaa mmoja, umesogeza kalamu tu.

Njoo Kisumu. Ukisimama kwenye mpaka wa kaunti, Kisumu ni ndogo kuliko Nakuru kwa karibu nusu. Lakini redio haisimami kwenye mpaka wa kaunti. Watu wa Luanda na Mbale huko Vihiga hushuka mjini kila asubuhi. Siaya inafanyia Kisumu ununuzi wake mkubwa. Na mawimbi ya FM hupenda maji: hakuna kilima cha kuyazuia juu ya Ghuba ya Winam, kwa hiyo upande wa Kendu Bay unaweza kuipata stesheni ya Kisumu ikiwa safi kuliko mtu aliye nyuma ya mlima hapo karibu. Jumlisha Kisumu, Siaya, Vihiga na Homa Bay: zaidi ya watu milioni 3.8. Ghafla Nakuru iko nyuma.

Na Nakuru tusijidanganye. Kaunti hii ni ndefu. Naivasha imo ndani yake, na Naivasha ina maua yake, ina kazi zake, na masikio yake mengi yameelekea Nairobi. Anayeuza tangazo kwa kutaja "watu milioni mbili wa Nakuru" anamhesabu mfanyakazi wa shamba la maua wa Naivasha ambaye pengine hajawahi kukisikia kituo hicho. Ukiniuliza mimi, mji wenyewe pamoja na Njoro, Bahati, Rongai na Gilgil ndio mpaka wa haki. Wenzangu wengi hawakubali, kwa sababu namba inapungua.

Basi Nakuru na Kisumu, ipi soko kubwa?

Inategemea unauza kwa lugha gani.

Hili orodha ya Marekani inaligusa kidogo tu, kwa kutenga wasikilizaji wa Kihispania. Kwetu ndilo lenyewe. Kisumu wasikilizaji wengi ni Waluo, na Ramogi FM, Mayienga na Radio Nam Lolwe hugombea masikio hayo hayo. Lakini msikilizaji wa Ramogi hayuko Kisumu tu, yuko Migori, yuko Homa Bay, yuko Nairobi, na yuko hapa kwetu Nakuru. Soko lake lina umbo la jamii, halina umbo la mji. Mulembe na Sulwe kwa Waluhya, Egesa kwa Wakisii, Kass na Chamgei kwa Wakalenjin, ni vivyo hivyo.

Nakuru haina mwenyewe. Panda matatu ya Kiamunyi saa kumi na mbili asubuhi: kondakta ana jina la Kikuyu, mama aliyekaa dirishani anaongea Kiluo kwenye simu, vijana wawili nyuma wanacheka kwa Kikalenjin, na redio ni ya Kiswahili. Dereva akithubutu kuweka kituo cha lugha moja, kabla hajafika mjini mtu atasema, "Dere, hebu tuwekee kitu tunaelewa wote." Nimelisikia hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ndiyo sababu vituo vya Kiswahili vya kitaifa, Radio Citizen, Radio Jambo, Radio Maisha, vina nguvu hapa, na kituo kidogo cha Nakuru kinachotangaza kwa Kiswahili kinapambana na majitu yenye studio Nairobi.

Kwa hiyo Nakuru inapoongeza nusu milioni ya watu, hao hawaingii wote mfuko mmoja. Wanaoishi Bahati na Subukia wengi wanakwenda Inooro na Kameme za Kikuyu, Kuresoi wengi wanakwenda Kass, na mji wenyewe unakwenda Kiswahili. Mji umekua kwa namba moja, lakini masoko ya redio yaliyokua ni manne au matano, kila moja kidogo.

Nafasi ikipanda, bei ya tangazo inapanda?

Marekani, kwa kawaida, ndiyo. Wakala wa matangazo aliyeko New York huambiwa na mteja "nunua masoko 25 ya juu", na mji wa 26 unakosa pesa kwa sababu ya nafasi moja. Kwa hiyo kuvuka mstari kama huo kunauma au kunanonesha kweli kweli.

Hapa wakala wa Nairobi hununua kituo cha kitaifa na kumaliza kazi. Tunaobaki na duka moja moja ndio tunajua ugumu wake. Mzee mmoja anayeuza magodoro karibu na steji alinikalisha juu ya rundo la inchi sita akanisikiliza nikimwimbia sensa. Nilipomaliza akauliza, "Kijana, hao watu wapya wanalala wapi?" Nikadhani ananitania. Kumbe swali lake lilikuwa la maana kuliko karatasi yangu yote. Mtu akihamia mjini, akapanga chumba Kaptembwo au Rhonda, vitu vya kwanza anavyonunua ni godoro na jiko. Mzee hakujali Nakuru ni ya ngapi, alitaka kujua wangapi wamefika mwezi huu.

Kisha akanionyesha utafiti wake. Nyuma ya mlango alikuwa na kipande cha katoni kilichochorwa kwa biro safu tatu: REDIO, JIRANI, NJIA. Kila mnunuzi aliulizwa amejuaje duka, na kijistari kikaongezwa. Safu ya jirani ilikuwa imejaa hadi imegeuziwa upande wa pili wa katoni. Ya redio ilikuwa na vijistari kumi na vitano hivi. Alinunua spoti, yaani matangazo mafupi, za wiki moja tu, asubuhi, kabla ya taarifa ya habari, na siwezi kumlaumu.

Wasikilizaji wenyewe wanahesabiwaje?

Kwa njia tatu kuu. Ya kwanza ni daftari: mtu anaandika kwa wiki moja alichosikiliza na saa ngapi. Marekani limetumika kwa miaka mingi katika masoko madogo. Ya pili ni kifaa kidogo kinachovaliwa au kubebwa, ambacho hunasa alama iliyofichwa ndani ya sauti ya kituo na ambayo sikio haliisikii. Arbitron ilianza kukitumia rasmi mwaka 2007, Philadelphia na Houston zikiwa za mwanzo, na kikaleta zogo. Ilionekana watu husikiliza vituo vingi kuliko wanavyokumbuka, kila kimoja kwa muda mfupi. Aliyeandika kwenye daftari "nilisikiliza kituo fulani siku nzima" alikuwa amekipenda siku nzima, si kukisikiliza.

Ya tatu ni kuulizwa, ana kwa ana au kwa simu, na hiyo ndiyo yetu. Ubaya wake ni kumbukumbu, kama wa daftari. Na ukiuliza kwa ujumbe wa simu, bibi wa Nyakach mwenye redio ya betri na asiyesoma ujumbe anaweza kuachwa nje, ilhali yeye husikiliza kuanzia alfajiri mpaka usiku.

Kituo kinaposema ni "namba moja", ndiyo nafasi hiyo hiyo?

Hapana. Nafasi ya soko ni ya mji. Nafasi ya kituo ni ya kituo ndani ya soko. Na "namba moja" bila kusema wapi, saa ngapi na kwa watu wa umri gani, ni salamu tu.

Mji ukikua, vituo vipya vitaongezeka?

Si lazima. Bendi ya FM inaanzia megahezi 87.5 na kuishia 108, na haitanuki mji unapotanuka. Katika miji mikubwa nafasi zimebanana, na anayetaka kuingia mara nyingi hununua aliyemo.

Na kinyume chake pia kweli: mji usio na nafasi yoyote unaweza kutangulia. Redio ya kijamii ya kwanza nchini haikuwa Nairobi wala Mombasa. Ilikuwa Homa Bay, mwaka 1982, kwa msaada wa UNESCO, ikitangaza kwa Kiluo. Serikali iliifunga mwaka 1984. Kwa miaka hiyo miwili mji mdogo wa pwani ya ziwa ulikuwa na kitu ambacho miji mikubwa ilikingoja sana.

Ninaandika tasnifu. Nitumie takwimu gani?

Sensa ya 2019 kwa watu, na useme wazi kama unataja kaunti au mji, maana Nakuru kaunti na Nakuru mji hutofautiana karibu mara nne. Ondoa watoto: karibu watu wanne katika kila kumi nchini walikuwa chini ya miaka 15, na ukiwaacha ndani, soko lako limejaa wasiofungua redio wala pochi. Kumbuka pia sensa hiyo ilikuta kaya zenye redio ya kawaida zikizidi nusu kidogo tu. Usikimbilie kusema redio inakufa, kwa sababu simu ndogo za kabambe na mulika mwizi zina FM ndani, na mtu akiulizwa "una redio?" hujibu hapana huku taarifa ya saa moja ikisikika mfukoni.

Mbona stesheni inapotea kabla hatujafika Kericho?

Hili ndilo la dereva. Tulikuwa tunatoka Nakuru kwenda Kisumu, tumepita Salgaa tunapanda kuelekea Mau Summit, na sauti ya kituo chetu ikaanza kukwaruza kama mahindi kwenye kikaangio. Nikamweleza kwamba FM husafiri kwa mstari ulionyooka, kama mwanga wa tochi: kilima kikisimama katikati, umebaki gizani. Ndiyo maana milingoti huwekwa juu ya vilele, na ndiyo maana kituo cha kitaifa kina masafa tofauti kila eneo, inabidi ukitafute upya. Mau ndio mpaka halisi wa soko la Nakuru upande huu, nikamwambia, sahau kibao cha kaunti.

Akafikiri mpaka Londiani. "Kwa hivyo hapa sisi ni wa nani?"

Nikamwambia hapa ni pa yeyote mwenye mlingoti mrefu. Tulipoteremka Awasi, joto la ziwa likiingia dirishani, mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitufe, na Kiluo kikajaa gari zima. Abiria mmoja nyuma akaomba aongeze sauti.